Gitaa la umeme, chumba kimoja na majirani: maswali ya wasomaji

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinazunguka jambo moja: msomaji ana gitaa la umeme na ana hamu ya kufanya mazoezi, lakini anaishi karibu mno na watu wengine. Nimechagua barua nne ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa hata wale ambao barua zao hazikupata nafasi, nami nimezifupisha kidogo bila kubadili maana.

SWALI

Mshauri, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, nimepanga chumba Tabata, Dar es Salaam, katika nyumba yenye vyumba sita. Kwa miaka mitatu nimejifunza solo kwa gitaa la kuazima, na sasa nimenunua langu mwenyewe. Muda wangu wa mazoezi ni usiku baada ya saa tatu, wakati wapangaji wenzangu wamelala au wanatazama televisheni. Kariakoo nimeoneshwa amplifaya mbili: moja ya transista yenye wati 10, na nyingine ya valvu, iliyokwisha tumika, yenye wati 5. Muuzaji amenishauri nichukue ya wati 5 kwa sababu, kwa maelezo yake, wati zikiwa chache na kelele nazo huwa chache. Ninapenda sauti safi inayong'aa, kama ile ya magitaa ya bendi za dansi. Je, nimsikilize?

Mpiga solo, Tabata

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Hesabu ya muuzaji inapendeza kwenye karatasi, ila sikio halihesabu wati kama sisi tunavyohesabu shilingi. Nguvu ya amplifaya ikiongezwa mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo msikilizaji makini ataitambua lakini jirani aliyelala hatajali kama ipo au haipo. Ili sauti isikike kuwa imekua mara mbili, nguvu inabidi izidishwe karibu mara kumi. Kati ya wati 5 na wati 10 ulizooneshwa pana hizo desibeli 3 tu, nazo zinaweza kumezwa na tofauti ya spika peke yake, kwa kuwa zipo spika zinazoigeuza wati moja kuwa kelele nyingi kuliko wenzake.

Suala la spika wanunuzi wengi hulipita bila kulitazama. Spika ya gitaa ya inchi 12, ikipewa wati 1 tu, kwa kawaida hutoa desibeli kati ya 95 na 100 zikipimwa umbali wa mita 1, ilhali mazungumzo ya watu wawili waliokaa karibu ni kama desibeli 60. Tuseme unataka gitaa lipite mazungumzo kidogo tu, lifike desibeli 67, na spika yako ni ya desibeli 97 kwa wati 1. Hapo unatakiwa kushuka desibeli 30, na kushuka desibeli 30 ni kuigawa nguvu kwa elfu moja. Basi mazoezi yako ya usiku hayatatumia wati 5 wala wati 10. Yatatumia sehemu moja ya elfu ya wati moja. Amplifaya zote mbili zitakuwa zinafanya kazi mwanzoni kabisa mwa uwezo wake, na la kuuliza dukani ni ipi kati ya hizo mbili inayojiheshimu inapokuwa hapo.

Ya valvu, yaani ile inayokuza sauti kwa taa za kioo zinazopata moto badala ya vipande vidogo vya transista, kwa kawaida haijiheshimu hapo. Utamu ambao wapiga gitaa wanausifu katika valvu huja pale zinaposukumwa hadi zikaanza kulivunja wimbi la sauti kwa ulaini, na gitaa likapata ule mkwaruzo mnene unaotafutwa na wapigaji wa bluzi na roki. Fender Champ, yenye wati 5 na spika ndogo ya inchi 8, ilipendwa studio kwa sababu hiyo hiyo. Ikifunguliwa hadi mwisho inanguruma kama amplifaya kubwa, lakini kuifungua hadi mwisho ni kuwaalika watu wa mtaa mzima. Ukiishusha hadi kiwango cha kunong'ona, unabaki na joto lake, uzito wake na gharama ya valvu zake, na utamu umeondoka. Tena katika amplifaya nyingi za namna hii kitufe cha kuzungusha cha sauti hutoka kimya hadi kelele ndani ya upana wa ukucha, kiasi kwamba kukitafuta kiwango cha saa nne usiku ni sawa na kupima chumvi kwa koleo. Nyingi hazina tundu la hedifoni, na usije ukadanganywa kwamba ukichomoa spika utapata ukimya, kwa sababu amplifaya ya valvu ikipigwa bila spika inaweza kuunguza transfoma yake ya kutolea sauti.

Wewe mwenyewe umeandika kwamba unapenda sauti safi ya dansi, na hapo hoja ya valvu inaisha kabisa. Katika dansi, kama katika rumba ya Kongo na benga ya kando ya Ziwa Victoria, solo na rizimu hufumwa pamoja kama ukili, kila uzi ukitaka kusikika peke yake. Mkwaruzo ukiingia, mfumo unafumuka. Sauti safi ndicho kitu ambacho transista hukifanya vizuri na kwa bei nafuu. Anayedhani kwamba transista ni ya wanafunzi tu akumbuke Roland JC-120, iliyoanza kuuzwa mwaka 1975, ambayo ni ya transista tupu na ambayo hadi leo wapigaji huitolea mfano wanapozungumzia usafi wa sauti. Ina wati 120 na spika 2 za inchi 12, kwa hiyo siipendekezi Tabata. Nimeitaja ili usione haya kuiacha ile valvu dukani.

Lipo jingine ambalo litakutatiza hata ukichagua vizuri. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonesha kwamba sikio la binadamu halizisikii sauti zote kwa usawa, na kwamba sauti kwa ujumla ikiwa ndogo, besi ndiyo inayotupotea zaidi. Ndiyo maana gitaa lililosikika nene dukani linafika chumbani likawa kama linapigwa ndani ya kopo, na mpigaji anaongeza sauti akidhani anatafuta ukubwa, kumbe anatafuta besi. Acha kitufe cha sauti kilipo, ongeza besi kidogo kwenye kitufe chake, kisha sogea karibu. Kusogea ndiyo dawa ninayoiamini kuliko zote: umbali kati yako na spika ukipungua kwa nusu, wewe unapata kama desibeli 6 zaidi, na jirani hapati chochote. Wapigaji wengi huweka amplifaya sakafuni nao wakakaa kitandani, spika ikiwapigia vifundo vya miguu. Iweke juu ya meza au kiti, spika ikutazame usoni, umbali usizidi mita 1, na utajikuta unakirudisha nyuma kitufe cha sauti kwa hiari yako.

Nyumba yako nayo ina tabia zake. Nyumba nyingi za kupanga za vyumba sita hazina dari, na kuta za ndani zinaishia usawa wa mtambaapanya, hivyo sauti haina haja ya kupenya ukuta. Inaupanda na kushukia upande wa pili. Kufunga mlango na dirisha kutawafaa walio nje kuliko mwenzako wa chumba cha pili. Kinachosaidia ni kuinyima sauti njia ya kupanda: kaa wewe katikati ya spika na kitu laini, kama vile godoro lililosimamishwa au pazia zito, badala ya ukuta mtupu utakaoirusha juu. Nguo na godoro hunywa vizuri sauti kali lakini besi haziinywi, kwa hiyo ile besi niliyokuambia uongeze iwe ya kipimo, na chini ya amplifaya tandika blanketi lililokunjwa ili meza isigeuke ngoma.

Sasa, ununue nini? Zilizotengenezwa hasa kwa mtu wa hali yako ni zile amplifaya ndogo ambazo ndani yake mna kompyuta inayoiga tabia za amplifaya kubwa, hivyo uzuri wa sauti hautegemei kusukumwa kwa spika. Yamaha ilipotoa THR mwaka 2011 iliitengeneza wazi kwa ajili ya kukaa mezani, ikiwa na spika 2 za inchi 3 zinazoigawa sauti kushoto na kulia. Kwa sauti ndogo sijasikia inayoishinda, ingawa bei yake inauma. Boss Katana Mini, yenye wati 7 na spika ya inchi 4, ina mkwaruzo mzuri kuliko umbo lake, jambo ambalo kwako si la lazima. Blackstar Fly 3, yenye wati 3 na spika ya inchi 3, inaingia kwenye mkoba wa safari, lakini nyuzi nene husikika zimekonda. Mimi, kwa sauti unayoitaka, ningechukua Roland Micro Cube. Ina spika 1 ya inchi 5, inavumilia misukosuko, na hutumia betri 6 za AA, jambo lisilo dogo kwa mtu ambaye muda wake pekee wa mazoezi unaweza kuangukia usiku ambao umeme umekatika. Tena kati ya amplifaya inazoziiga imo ile JC niliyoitaja, ambayo ukiiongezea korasi kidogo, kile kionjo kinacholifanya gitaa moja lisikike kama mawili, utajikuta jirani kabisa na sauti ya dansi.

Kama hiyo haipatikani au mfuko haujaruhusu, ile ya wati 10 ya Kariakoo inaweza kukufaa, ila usikubali muuzaji akupigie. Wauzaji hupiga kwa sauti kubwa kwa sababu kila amplifaya hupendeza ikipaza sauti. Nenda na gitaa lako, nenda asubuhi kabla mtaa haujachangamka, ukae kwenye kiti mbele yake, uishushe hadi kiwango ambacho wewe na muuzaji mnaweza kuzungumza bila kuinua sauti, kisha upige uzi wa sita peke yake, halafu kodi nzima (nyuzi kadhaa kwa pamoja), halafu uache kupiga na usikilize. Kama katika ukimya huo unasikia mvumo au mchirizi mfululizo, chumbani kwako usiku utausikia mara mbili. Zungusha kitufe cha sauti polepole kutoka sifuri. Kikikwaruza au kikiruka ghafla, kitakukera kila siku. Mwisho chomeka hedifoni uhakikishe kwamba spika inanyamaza yenyewe, kwa sababu amplifaya ya mazoezi isiyo na tundu la hedifoni ni nusu ya kifaa kwa mtu mwenye majirani watano.

SWALI

Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Nyumbani nina sabufa yenye spika ndogo mbili na boksi la besi. Rafiki yangu mwanamuziki alinishauri nichomeke gitaa moja kwa moja humo na kuokoa fedha za amplifaya. Nimejaribu, na sauti inayotoka ni hafifu, imefifia kama gitaa limefunikwa blanketi, tena inatoka upande mmoja tu. Je, mbovu ni sabufa au ni gitaa?

Mwalimu, Morogoro

JIBU

Mwalimu, vyote viwili ni vizima, ila havijatambulishwa ipasavyo. Zile sumaku za gitaa ambazo wapigaji huziita pikapu zimezungushiwa waya mwembamba kwa maelfu ya mizunguko. Umeme unaotoka humo ni mdogo na haupendi kubebeshwa mzigo. Kwa sababu hiyo tundu la kuingizia la amplifaya ya gitaa hutengenezwa likiwa na ukinzani mkubwa, kwa kawaida karibu ohmu milioni 1, ili lisiinyonye pikapu. Tundu la sabufa lilitengenezwa kwa ajili ya simu, deki na televisheni, na ukinzani wake huwa wa maelfu kumi au makumi kadhaa ya maelfu ya ohmu tu, nao huanza kunyonya zile sauti kali zinazolifanya gitaa ling'ae. Hilo ndilo blanketi unalolisikia. Ama sauti kutoka upande mmoja, ni kwa sababu gitaa lina njia moja na sabufa ina njia mbili, kushoto na kulia. Kiunganishi cha bei ndogo kinachoigawa njia moja kuwa mbili hulimaliza hilo.

Unachokosa ni mtu wa kati, kama mshenga. Kilicho nafuu ni vile vifaa vidogo vinavyochomekwa kwenye gitaa lenyewe, kwa mfano Vox amPlug, ambavyo hutumia betri 2 ndogo za AAA na vina tundu la hedifoni. Kutoka kwenye tundu hilo unaweza kupeleka waya kwenye sabufa. Kilicho bora zaidi ni pedali ya vionjo vingi, kile kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa, kwa kuwa nyingi zina sehemu ya kuiga spika ya gitaa, na sehemu hiyo usiizime. Spika ya gitaa ni kiziwi kidogo kwa makusudi: juu ya hetsi (mitetemo kwa sekunde) elfu 5 hivi sauti yake hupungua haraka, na upungufu huo ndio unaolainisha makali. Spika ndogo za sabufa hutoa kila kitu hadi juu kabisa, kwa hiyo mkwaruzo usiopitishwa kwenye kiigizo cha spika hutoka kama nyigu waliofungiwa kwenye chupa.

Halafu kuna lile boksi la besi, ambalo kwa ukimya ndilo adui. Uzi mnene wa gitaa, ukiwa umelegezwa au kukazwa kwa kawaida yake, hutoa hetsi 82 hivi, na chini ya hapo gitaa halina la kusema. Chochote ambacho boksi litatoa huko chini ni mvumo na mtikisiko wa mkono wako juu ya nyuzi. Besi ndiyo inayopita ukutani kirahisi na kufika kwa jirani ikiwa imevuliwa wimbo wote, ikabaki dundo tupu. Huwezi kulizima boksi kabisa, kwa kuwa spika ndogo za sabufa mara nyingi haziwezi kutoa peke yake sehemu ya chini ya gitaa, lakini lishushe hadi uwe huna uhakika kama linalia, kisha liondoe kwenye kona, kwa sababu kona huikuza besi.

Je, ninaipendekeza njia hii? Kwa mtu anayetaka kupiga sambamba na nyimbo zilizorekodiwa, ndiyo, maana wimbo wenyewe utasikika vizuri kuliko kwenye amplifaya nyingi ndogo za gitaa. Kwa mazoezi ya kila siku, hapana. Sabufa ya familia hukaa sebuleni chini ya televisheni, na kabla jirani hajaja kulalamika, walio ndani watakuwa wamekwisha kukuomba uchomoe ili watazame taarifa ya habari.

SWALI

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Mombasa. Mjomba wangu anaishi Ohio, Marekani, na anakuja nyumbani Desemba. Ameahidi kuniletea amplifaya yake ndogo ya mazoezi. Kuna jambo la kuangalia kabla hajaipakia?

Mpwa, Mombasa

JIBU

Lipo, nalo ni la kuangalia leo, si Desemba. Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na mzunguko wa hetsi 50. Wa Marekani ni wa volti 120 na hetsi 60. Mwombe mjomba apige picha mgongo wa amplifaya na picha ya adapta yake kama ipo, akutumie. Ikiwa inatumia adapta iliyoandikwa 100–240V, hakuna tatizo, utahitaji tu kibadilisha plagi cha pini tatu. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, usiichomeke ukutani hata kwa sekunde moja ya kujaribu.

Nasema hivyo kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua amplifaya iliyotumika, nzuri kwa macho, ambayo nyuma ilikuwa na maandishi ya Kijapani na tarakimu 100V ambazo sikuzitilia maanani, kwa kuwa aliyeniuzia alikwisha kuniapia kwamba imejaribiwa na inawaka. Iliwaka kweli. Ilivuma kwa nguvu, ikatoa harufu ya rangi iliyoungua, na fyuzi ilikatika baada ya transfoma kuwa imekwisha haribika. Fundi aliniambia kwamba mtu fulani kabla yangu alikuwa ameweka fyuzi nene kuliko iliyotakiwa, ndiyo maana haikuwahi kuokoa kitu. Japani hutumia volti 100, na kila anayenunua vifaa vilivyotumika kutoka huko afumbue macho hapo.

Kwa ya volti 120 utahitaji transfoma ya kushushia umeme. Uwezo wake ulinganishe na wati za matumizi zilizoandikwa nyuma ya amplifaya, si wati za sauti zinazotangazwa mbele, na uchukue inayozidi kwa ukarimu, hata mara mbili, kwa sababu transfoma iliyotengenezwa kwa hetsi 60 hupata joto zaidi ikilishwa hetsi 50. Hakikisha pia kwamba waya wa ardhi unapita tangu soketi ya ukutani hadi kwenye amplifaya. Vibadilisha plagi vya pini mbili huukata, na mpigaji hushika nyuzi za chuma kwa vidole vyake. Kwa mazoezi ya kimya lipo na jambo dogo la kuudhi: transfoma hizi za kushushia mara nyingi huvuma zenyewe, na chumba kikiwa kimya mvumo huo utausikia kuliko ulivyotarajia, kwa hiyo iweke mbali na unapokaa.

Kama adapta itapotea njiani, usiazime ya modemu kwa sababu tu volti zinalingana na kichwa kinaingia. Vifaa vingi vya gitaa, vikiwemo vya Boss na Roland, hutaka hasi iwe katikati ya kichwa cha adapta, wakati adapta nyingi za vifaa vingine huweka chanya katikati. Mchoro mdogo wa duara wenye alama za + na − kwenye kifaa na kwenye adapta ndio utakaokuambia kama vinapatana.

Ukiniuliza, ningemwomba mjomba kwa adabu abakize hiyo yake na, kama uwezo upo, alete inayochajiwa kwa waya wa USB kama simu, mfano Positive Grid Spark GO yenye wati 5, au Fender Mustang Micro, ambayo haina spika kabisa, huchomekwa kwenye gitaa na kusikilizwa kwa hedifoni. Vifaa hivyo havijali volti za nchi yoyote, na vinaingia kwenye mkoba wa mkononi bila kumla mjomba uzito wa mizigo yake.

SWALI

Mwanangu ana miaka 14 na hufanya mazoezi ya gitaa kwa hedifoni muda wa saa tatu kila siku ili tusisikie kelele. Sasa anataka nimnunulie hedifoni za Bluetooth kwa sababu waya unamsumbua. Mimi nina hofu na masikio yake. Nifanyeje?

Mama, Nakuru

JIBU

Mama, hofu yako ina msingi, na ombi lake, kwa bahati nzuri, halina. Hedifoni za kawaida za Bluetooth huichelewesha sauti, mara nyingi kwa zaidi ya milisekunde 100. Kwa kuwa sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde, kuchelewa huko ni sawa na kupiga gitaa huku spika ikiwa mita 34 kutoka ulipo. Kidole kinagusa uzi na sauti inafika baadaye, na mtoto atajifunza mapigo yaliyopinda. Bluetooth inafaa kupeleka wimbo kutoka kwenye simu hadi kwenye amplifaya, lakini gitaa lenyewe lisikilizwe kwa waya. Mnunulie waya wa kurefushia wa mita 3 na umwoneshe kuupitisha nyuma ya mkanda wa gitaa. Usumbufu utakwisha kwa gharama ndogo.

Kuhusu masikio, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa watoto kiwango hicho hushushwa hadi desibeli 75. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Mwanao hutumia saa 21 kwa wiki, kwa hiyo ana nafasi ndogo sana juu ya hizo 75. Huna kipimo, lakini unaweza kusimama hatua moja kutoka alipo akiwa anapiga, ukamwita kwa sauti ya kawaida. Asipokusikia kabisa, mwambie ashushe, kisha mahali atakapokusikia weka alama ya kalamu kwenye kitufe na mkubaliane kwamba hakipiti hapo. Achomeke waya na kuwasha kifaa kwanza ndipo avae hedifoni, kwa sababu ule mlio wa ghafla wa kuchomeka ni mkali kuliko muziki wote utakaofuata.

Tena si lazima saa zote tatu ziwe za hedifoni. Mpe moja kati ya hizo apige bila kuchomeka chochote. Gitaa la umeme lisilochomekwa hulisikia mwenye kulipiga na pengine aliyekaa naye chumba kimoja, na kwa mazoezi ya vidole vya mkono wa kushoto na mapigo ya piki hahitaji sauti kubwa kuliko hiyo. Tena humo hakuna mwangwi wala korasi ya kumfichia uzi uliobanwa vibaya.